Pindo la Koti

Kazi yangu ni kuona ndani bila kufungua.
Pale Luano, kwenye kioo changu,
chakula huwa cha machungwa, chuma huwa buluu,
na watu hupita wakiwa wamebeba
zaidi ya walichokisema.

Nimeona mchi wa kutwangia sombe,
mwenyewe akiniuliza, mikono kiunoni:
"Mama, mi nitateka ndege na mchi?"
Nimeona lutuku katika chupa ya maji ya baraka,
mkasi wa kinyozi, kisu ndani ya mkate,
na vinkubala vya kukaanga, ambavyo havikukatazwa,
ila kila askari alitaka kuvikagua kwa meno.

Jumanne ile, baridi ya Juni, ndege ya Kalemie imechelewa,
kijana aitwaye Kisimba Mwewa akalaza koti juu ya mkanda
kama mtu anayelaza mgonjwa.
Koti la mgodini, mabega mapana kuliko yake.

Vifungo vikapita. Zipu ikapita.
Halafu kwenye pindo, chini kabisa, mgongoni,
kitu chembamba, urefu wa kidole,
na nyaya mbili zimejikunja
kama masharubu ya kambale.

Mgeni angeona kalamu.
Mimi ni binti wa Kipushi.
Nilizijua fataki za kupasulia mwamba
kabla sijajua kusoma.
Mkono ulisimamisha mkanda, mimi nikafuata.

Nani alitamka "bomu", hadi leo hajulikani.
Mtawa aliacha kiatu.
Mheshimiwa mmoja, ambaye daima hutangulia mlangoni,
safari hii pia alitangulia.
Ukumbi ukabaki na mizigo, na redio ya mtu
ikiendelea kutangaza bei ya unga.

Na Kisimba, mikono juu,
suruali ikimteremka
kwa kuwa mshipi wake ulikuwa bado ndani ya mashine.

"Ni koti ya tata," alisema. "Mi sikujua."

Tata yake aliaga Aprili.
Nyanya kule Kalemie aliomba kitu kimoja tu,
chenye jasho la mwanawe, kisichofuliwa.
Mfuko ulikuwa umetoboka; siku moja, mwisho wa zamu,
kitu kikateleza, kikashuka kwenye bitana, kikatulia.
Miaka kumi na mmoja.
Koti lilining'inia nyuma ya mlango.
Usiku wa baridi watoto wanne walilala chini yake,
kitinda mimba akitafuna pindo.
Na kila Jumapili mama yao
alilipiga pasi ya makaa.

Hapo ndipo Kisimba aliposita,
akatazama viganja vyake,
akaomba kuketi.

Akaja fundi wa baruti, mzee mwenye mkasi mdogo,
akafumua mshono uzi kwa uzi,
akiongea na koti kwa sauti ya chini,
kama unavyomtuliza ng'ombe.
Alichokitoa alikiondoa ndani ya ndoo ya mchanga.

Nikapewa fomu. Sababu ya tukio: uzembe.
Mzembe ni nani: nafasi ya jina moja tu.
Nikaanza K, nikafuta.
Nikafikiria mtu aliyechoka, saa kumi alfajiri,
akitoka ardhini na mfuko uliotoboka,
na aliyehesabu fataki siku ile akakosa moja
akaandika zimetimia.
Fomu ikaenda juu bila jina. Bado sijaitwa.

Ndege ilishaondoka. Kisimba alilala kwenye benchi,
amejifunika koti lile lile, pindo likipepea.
Sindano ya kulishonea ilikuwepo,
kwenye sanduku la vitu tulivyonyang'anya watu.
Nilimshonea. Sikuandika hilo popote.

Nyumbani nina koti la baba yangu.
Usiku ule nilililaza mezani,
nikapapasa kila mshono kwa kidole gumba,
kola, kwapa, mikono, pindo.
Sikupata kitu.

Hata hivyo lililala nje.
Asubuhi mabega yake yalikuwa na umande,
kama ya mtu aliyetoka zamu ya usiku
akakuta mlango umefungwa.